Uwiano wa Homoni za Kondo la Nyuma Haununuliwi Dukani



Mtoto akishazaliwa na kulia, macho ya wote humgeukia yeye. Bibi anauliza ni wa kike au wa kiume, baba anapigiwa simu, mama anataka kujua kama mwanawe ni mzima. Mkunga bado ana kazi. Anasubiri kondo la nyuma lishuke, analipokea kwenye beseni, kisha analilaza, upande uliokuwa umeshikana na mji wa mimba ukitazama juu. Anapangusa mabonge ya damu na kulikagua kipande kwa kipande, kwa sababu kipande kikibaki tumboni mama anaweza kutokwa na damu isiyokatika. Analigeuza, anatandaza utando uliomfunika mtoto aone kama umetoka wote, halafu anatazama kitovu pale kilipokatwa. Anahesabu mishipa mitatu: miwili iliyokuwa ikitoa damu kwa mtoto kuipeleka kwenye kondo, na mmoja ulioirudisha ikiwa na chakula na oksijeni. Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa nusu kilo hivi. Likishakaguliwa huzikwa au huteketezwa, na habari zake zinakwisha.

Leo nataka tulizungumze hilo kondo, tena kwa kirefu, kwa sababu biashara imeingia mahali pake. Pita sokoni au stendi ya mabasi, sikiliza vipaza sauti vya wauza dawa, au fungua simu yako tu. Utasikia na kuona dawa za kuweka homoni sawa. Mjamzito akivimba uso anaambiwa homoni zimevurugika, achanganye unga huu na uji. Aliyeharibikiwa na mimba anaambiwa maneno hayo hayo, na anauziwa chupa hiyo hiyo. Kinachonisikitisha ni kwamba ndani ya maneno hayo mna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoiuza chupa. Ni kweli mimba inasimamiwa na homoni. Ni kweli kondo la nyuma ndilo kiwanda chake kikubwa, na uwiano wake ukiharibika mama na mtoto wanaweza kupoteza maisha. Lakini uwiano huo haununuliwi. Unalindwa kwa kuwahi kliniki, kupimwa presha na mkojo, na kutumia dawa chache ambazo zimejaribiwa zikathibitika. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na nitaieleza hatua kwa hatua.

Kwanza, kondo lenyewe. Wengi hudhani ni sehemu ya mwili wa mama. Sivyo. Linaota kutokana na lile yai lililorutubishwa linalomtoa mtoto, kwa hiyo nusu ya urithi wake ni wa baba. Linajishikiza kwenye mji wa mimba na kuanza kuzungumza na mwili wa mama kwa lugha ya homoni. Kijiti cha kupimia mimba kinachouzwa duka la dawa kinaonyesha mistari miwili kwa sababu kimeikuta kwenye mkojo homoni iitwayo hCG, na homoni hiyo inatolewa na seli za kondo changa kabisa. Kazi yake ya kwanza ni kuiambia ovari isiache kutengeneza projesteroni. Projesteroni nayo inautuliza mji wa mimba usibane na kuitoa mimba. Kati ya wiki ya 7 na ya 9, kondo linakuwa na nguvu za kutosha na linaichukua kazi hiyo ya projesteroni lenyewe.

Halafu iko estrojeni. Hapa pana jambo la kushangaza: kondo haliwezi kuitengeneza peke yake tangu mwanzo. Linahitaji malighafi kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, za mama na za mtoto aliye tumboni. Viumbe wawili wanachangia, kondo linamalizia. Iko pia laktojeni ya kondo, inayoufanya mwili wa mama usiitumie sukari yote, ili sehemu imfikie mtoto. Zipo na nyingine. Kila moja inapanda na kushuka kwa wakati wake. Kiasi kilicho sahihi wiki ya 8 si sahihi wiki ya 30. Kwa hiyo mtu anayekuambia, bila kukupima, kwamba homoni zako zimepungua na uziongeze kwa vijiko viwili asubuhi na jioni, hajui anachokigusa.

Wapo waliowahi kukigusa, tena madaktari wasomi, kwa nia njema. Msikilizaji, kisa hiki kinastahili kujulikana na kila mwanamke.

Katika miaka ya 1940, mjini Boston, Marekani, mume na mke watafiti, George na Olive Smith, walikuwa wakipima homoni za wajawazito. Waliona kwamba kwa baadhi ya wanawake waliopata presha ya mimba, au waliopoteza mimba, homoni za kondo zilikuwa zimeshuka. Wakafikiri: kama zimeshuka, tuziongeze. Ilikuwapo tayari estrojeni iliyotengenezwa maabara, ikijulikana kwa kifupi kama DES. Mwaka 1948 walichapisha matokeo yao wakiipendekeza, na dawa hiyo ikaandikiwa wanawake wengi mno, hata wale ambao mimba zao hazikuwa na tatizo lolote.

Mwaka 1953 hospitali moja ya uzazi mjini Chicago ilitangaza matokeo ya jambo ambalo lilipaswa kutangulia: iliwagawa wajawazito wapatao 1,600 makundi mawili, kundi moja likapewa DES, jingine vidonge visivyo na dawa. Dawa haikuzuia mimba kutoka, wala haikuzuia presha ya mimba. Hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa miaka mingine karibu ishirini. Kisha mwaka 1971, Boston hiyo hiyo, madaktari wakaripoti saratani ya uke, ya aina ambayo kwa kawaida haionekani kwa vijana, ikiwashika wasichana na wanawake wadogo wanane. Wakawauliza mama zao historia ya ujauzito. Saba kati ya hao wanane walikuwa wamepewa DES walipokuwa na mimba ya mabinti hao. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya isitumike tena kwa wajawazito. Baadaye ikadhihirika kwamba mabinti wengi wa DES, hata wasiopata saratani, walipata shida ya kushika mimba na kuzifikisha mwisho.

Kosa lilikuwa wapi? Homoni zilizoshuka zilikuwa dalili ya kondo lililozidiwa. Waliongeza kilichopungua bila kugusa kilichosababisha kipungue. Na ikiwa dawa safi ya kiwandani, yenye kipimo kinachojulikana, ilileta maafa hayo, tuseme nini juu ya unga usio na jina la kilichomo, wala kiasi, wala tarehe? Daktari anaweza kumwandikia mama fulani projesteroni kwa sababu maalumu, baada ya kumchunguza na kujua historia yake. Hilo ni jambo jingine. Ninayemkemea hapa ni yule anayeuza uwiano kwa kila apitaye.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa ambao ndani yake suala la uwiano limechunguzwa kuliko mengine yote: presha ya mimba, ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba.

Chanzo chake kiko nyuma sana, miezi kabla ya dalili. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito, seli za kondo hupenya ndani ya ukuta wa mji wa mimba na kuvifuata vimishipa vya damu vya mama, vyembamba na vilivyojisokota. Zinaubomoa ukuta wa misuli wa vimishipa hivyo na kuvipanua. Ni kama mkulima wa mpunga anavyochimbua mfereji mapema, angali na mbegu tu, akijua kwamba mashina yakikua maji ya mfereji mwembamba hayatatosha. Kazi hiyo ikifanyika vizuri, mwishoni mwa mimba zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hufika kwenye kondo kila dakika. Isipofanyika vizuri, mtoto anakua, mahitaji yanakua, njia inabaki nyembamba. Kondo linakosa hewa. Na kondo linalokosa hewa linabadili lugha yake.

Miongoni mwa vitu linavyotoa, viwili ni vya kufuatilia kwa makini. Kimoja kinaitwa prostasiklini: kinalegeza mishipa ya damu na kuzuia damu kuganda. Cha pili ni tromboksani: kinabana mishipa na kuchochea kuganda. Mwili unavihitaji vyote viwili. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Scott Walsh, alilinganisha makondo. Yale ya mimba salama yalitoa vitu hivyo viwili kwa viwango vinavyolingana. Yale ya akina mama wenye presha ya mimba yalitoa tromboksani mara saba ya prostasiklini. Mishipa inabanwa, damu inataka kuganda, presha inapanda.

Mwaka 2003 kikapatikana kipande kingine cha maelezo. Kikundi cha Ananth Karumanchi, hapo hapo Boston, kilionyesha kwamba kondo lililozidiwa linamwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, na kwamba protini hiyo inazikamata na kuzizuia protini nyingine zinazoitunza mishipa ya damu. Walipoitia kwa panya wenye mimba, panya wakapata presha, na protini ikaonekana kwenye mkojo wao. Hii ndiyo sababu ugonjwa unaoanzia kondoni unaonekana kwenye figo, kwenye ini, machoni na kwenye ubongo: mishipa ya damu iko kila mahali. Na hii ndiyo sababu tiba ya mwisho ya ugonjwa huu ni kuzalisha. Kondo likishatoka, chanzo kimetoka, ingawa mwili huchukua siku au wiki kadhaa kurudi sawa.

Msikilizaji, zingatia ratiba hii. Mishipa hupanuliwa au hushindwa kupanuliwa kabla ya wiki ya 20. Presha huonekana baada ya wiki ya 20, mara nyingi mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Maumivu ya kichwa huja baadaye zaidi. Anayesubiri aumwe ndipo aende hospitali, anafika wakati ugonjwa umeshatembea miezi. Na presha haina kelele. Mama anaweza kuwa na 150 kwa 100 huku anapika, anacheka na anakwenda kisimani. Kinachoijua ni ile mashine inayofungwa kwenye mkono na kujazwa upepo, basi.

Kwa hiyo kumbuka namba moja: 140 kwa 90. Ikifika hapo au kuzidi, baada ya wiki ya 20, kwa mama ambaye hakuwa nayo awali, ni lazima afuatiliwe. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, asirudishwe nyumbani. Na kumbuka dalili: kichwa kinachouma bila kupoa, kuona maluweluwe au vimulimuli, maumivu chini ya chembe cha moyo au chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mkojo kupungua, pumzi kubana. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Uso unaoamka umevimba si kawaida.

Presha isiposhughulikiwa, mama anaweza kuanguka na kukakamaa, povu likimtoka. Ndicho kifafa cha mimba. Hapo ndipo katika familia nyingi maneno ya majini na kurogwa huanza, na muda ambao ungempeleka hospitali unatumika kutafuta mganga. Nasema kwa heshima zote kwa wazee wetu: ugonjwa huu umechunguzwa. Wengi wetu tumesikia habari ya binti aliyeombewa hadi alfajiri huku zahanati iko jirani. Tuiombee roho ya mgonjwa, lakini mwili wake tuupeleke kwa mkunga kwanza.

Dawa yake ipo, na si ya gharama kubwa. Ni sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 1995 majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa yalionyesha kwamba dawa hii inazuia degedege lisirudi kuliko dawa nyingine zilizokuwa zikitumika. Mwaka 2002 jaribio kubwa zaidi, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kwamba wenye presha ya mimba wakipewa magnesiamu mapema, hatari ya kupata kifafa inapungua kwa zaidi ya nusu. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo mama aliyezaa salama jana na leo analalamika kichwa, asiambiwe ni uchovu. Apimwe presha.

Je, inawezekana kuzuia kabla? Kwa sehemu, ndiyo, na hapa uwiano ule wa prostasiklini na tromboksani unatusaidia. Aspirini kwa dozi ndogo huipunguza tromboksani zaidi kuliko inavyoigusa prostasiklini. Mwaka 2017 jaribio lililoongozwa na wataalamu wa London liliwapa wanawake walioonekana kuwa hatarini miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 na kuishia wiki ya 36. Presha ya mimba inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37 ilipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu 2011, limependekeza miligramu 75 kwa wanawake walio hatarini, ianzwe kabla ya wiki ya 20.

Nani yuko hatarini? Aliyewahi kupata presha hii katika mimba iliyopita, mwenye mapacha, mwenye presha ya kudumu, kisukari au ugonjwa wa figo. Wengine hatari yao ni ya wastani: mwenye mimba ya kwanza, mwenye uzito mkubwa, ambaye mama yake au dada yake aliwahi kuipata. Usikimbilie kununua aspirini mwenyewe. Si kila mtu inamfaa, na dozi ya kutuliza maumivu siyo dozi hii. Nenda ukaulize. Lakini uliza mapema, maana anayefika kliniki mwezi wa sita ameshaupita wakati ambao aspirini ingemsaidia.

Jambo la pili ni kalsiamu, na hapa wanawake wa Dar es Salaam wameifundisha dunia. Pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, vidonge vyake hupunguza presha ya mimba. Shida ilikuwa dozi kubwa: miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, yaani tembe nyingi na gharama nyingi. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili, moja Bangalore nchini India, jingine Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000 ambao hawajawahi kuzaa. Nusu walipata miligramu 1,500, nusu 500. Dar es Salaam, waliopata presha ya mimba walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa. Kwa kuzuia ugonjwa huu, dozi ndogo haikuonekana kuwa duni. Kwa upande wa watoto kuzaliwa kabla ya wakati, matokeo ya Dar es Salaam hayakuwa wazi kiasi hicho. Hata hivyo ushahidi huo umetoka kwenye miili ya wake zetu na dada zetu. Haki yao ni kuona tembe hizo ziko kwenye rafu ya zahanati.

Tusisahau pia malaria, maana kwetu kondo lina adui ambaye kondo la Boston halimjui. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo kutoka magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vijidudu vya malaria vina namna ya kung'ang'ania ndani ya kondo. Mama anaweza kupimwa damu ya kidole isionekane kitu, kumbe vimejificha huko. Anayebeba mimba ya kwanza huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake haujajifunza kupambana na vijidudu vya aina hiyo. Na Muheza, mkoani Tanga, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba kwa akina mama wa mimba ya kwanza, malaria ya kondo ilifuatana na presha, na ile protini ya sFlt-1 ilikuwa juu. Kwa hiyo vidonge vya SP vya kukinga malaria, vinavyomezwa kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne na kurudiwa kila baada ya mwezi, ni ulinzi wa kondo. Vivyo hivyo chandarua chenye dawa. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, muuguzi atamweleza.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo akina mama hulaumiwa bure. La kwanza ni kisukari cha mimba. Niliitaja laktojeni ya kondo, inayompunguzia mama nguvu ya insulini ili mtoto apate sukari. Kongosho la mama likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari inapanda. Majirani watasema alikuwa anakunywa soda sana. Uzito na chakula vina mchango, lakini msukumo wenyewe unatoka kwenye kondo, na ndiyo maana kwa wengi sukari hushuka mara baada ya kujifungua. Kipimo chake hufanyika kati ya wiki ya 24 na 28, na mwanamke aliyewahi kukipata aendelee kupimwa sukari miaka inayofuata.

La pili ni kutapika. Si kichefuchefu cha asubuhi. Nazungumzia mama asiyeweza kubakiza hata maji, anayekonda na mimba badala ya kunenepa. Huyo mara nyingi huambiwa anadeka, au hampendi mumewe. Mwaka 2023 Marlena Fejzo wa Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza mimba mwaka 1999 kwa kutapika kupita kiasi, pamoja na Stephen O'Rahilly wa Cambridge na wenzao, walionyesha kwamba kiini chake ni homoni iitwayo GDF15, ambayo wakati wa mimba hutoka kwa wingi upande wa mtoto na kondo. Wanawake ambao kabla ya mimba walikuwa nayo kidogo huathirika zaidi inapopanda ghafla. Huyu ni mgonjwa anayehitaji maji ya dripu na dawa. Anayemwambia anadeka anamwongezea ugonjwa.

Ndugu msikilizaji, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, na takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Presha ya mimba ni miongoni mwa sababu kubwa. Vifo hivi vinatokea huku kipimo kikiwa ni mashine inayobebeka mkononi na kijiti kinachochovywa kwenye kikombe cha mkojo.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa watu mbalimbali. Kwa waheshimiwa madiwani na kamati za afya: mkikagua zahanati, msiishie kuhesabu vitanda. Ulizeni kama mashine ya presha inafanya kazi, kama vijiti vya mkojo vipo, kama magnesiamu ipo na nani anajua kuichoma, usiku pia. Jengo jipya lisilo na vitu hivyo halimwokoi mama. Kwa wauguzi na wakunga, ambao najua mnahudumia foleni ndefu: mwambieni mama presha yake ni ngapi, msiishie kuiandika kwenye kadi. Akiijua namba yake, ataiuliza tena.

Kwa akina baba: nauli ya kwenda kliniki ni sehemu ya mahari isiyokwisha. Itoeni bila kuombwa, na wake zenu wakisema wanaona vimulimuli, msiwaambie walale kidogo. Kwa mama wakwe na mashangazi: sauti zenu ndizo zinazosikilizwa nyumbani. Semeni kliniki, na binti ataenda. Kwa wenye vipaza sauti wanaouza dawa za homoni: acheni kuwauzia wajawazito. Na mamlaka za dawa ziwafuate huko waliko, sokoni na kwenye simu.

Na kwako mjamzito unayenisikiliza. Kama siku zako zimepita na kijiti kimeonyesha mistari miwili, anza kliniki kabla ya wiki ya 12, usingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane, jitahidi yatimie. Baada ya kujifungua, rudi upimwe tena, na kama uliwahi kupata presha ya mimba, pima presha kila mwaka maisha yako yote, kwa sababu hatari ya magonjwa ya moyo kwako ni kubwa kuliko kwa wengine. Hujarogwa, hujakosa, na hudaiwi chupa na mtu yeyote. Ila usikubali kutoka kliniki bila kupimwa presha na mkojo.